Makoti Manane ya Njano

Rajabu hunipigia simu mara mbili kwa mwaka, Idi na Krismasi; Idi ili nimtakie heri, Krismasi ili anitanie kwamba Wasukuma hatujui kupika pilau. Kwa hiyo alipopiga Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, nilivuta kiti nikakaa kabla ya kupokea. "Dada Kabula," alisema, "yule mtu wetu wa mawe ametangulia. Jana, kwao Lingeka. Wanamzika leo alasiri." Hakutaja jina na mimi sikuuliza. Nilimpa pole, akanipa pole, na nyundo za gereji yake ya Lamadi zikawa zinagonga nyuma yake. "Utakwenda?" aliuliza. Nikasema kuzika hatuwahi, lakini matanga tutayakuta. "Basi keshokutwa nitakupitia Bariadi. Mguu wangu mbovu, ila kukaa kwenye gari bado najua." Nilipokata simu nilifanya kile ninachofanya nikiwa na jambo moyoni: nilifungua kabati nikaanza kupanga makaratasi ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Nilifanya kazi ya masjala hapa Bariadi hadi nilipostaafu, na watu husema faili halijawahi kupotea mkononi mwangu. Ni kweli. Lakini ipo karatasi moja niliyoiandika nikiwa na miaka ishirini, ambayo sina nakala yake na sijui iliishia katika ofisi gani, na hiyo ndiyo pekee ninayoweza kuisoma hadi leo nikiwa nimefumba macho. Ina sentensi saba. Kila sentensi peke yake ni ya kweli. Ni karatasi ya mwaka ule mmoja nilioishi juu ya mawe ya ziwani.

Ulikuwa mwaka ambao soko la Bariadi lilijaa vitu ghafla. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tuliamka tukakuta sabuni za rangi tatu zimepangwa kama matofali, redio za kaseti, na milima ya mitumba ambamo wanawake waliingia mpaka kiunoni wakitafuta sweta. Neno la mwaka lilikuwa ruksa. Ruksa kufungua duka, ruksa kuleta gari, ruksa kubadili fedha za kigeni mchana kweupe. Watu waliokuwa wakubwa katika vyama vya ushirika walianza kutazama huku na huku kama abiria aliyesikia injini ikikohoa. Mmoja wao alikuwa Bwana Mathayo. Alikuwa afisa wa pamba. Mwaka ule akawa mwenye kambi ya watalii. Alilipata ghala la zamani la pamba lililokuwa limeachwa ufukweni, mahali ambapo ukitoka kijiji cha Mkula unashuka hadi njia inakwisha na mawe yanaanza, akalipaka chokaa, akasimamisha mahema sita, na kuandikiana na kampuni moja ya Arusha iliyokuwa ikipeleka wageni mbugani. Wageni wakichoka kutazama simba kutoka ndani ya gari, alisema, waletwe kwake watembee kwa miguu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nikisubiri majibu. Aliniuliza swali moja tu: "Unaweza kuandika kwa mpangilio?" Nikasema naweza. "Basi wewe ni karani wa ziara."

Nikifumba macho naliona ghala lile kabla ya ziwa. Ukutani bado paliandikwa kwa rangi nyekundu madaraja ya pamba, safi na chafu, na chokaa haikuweza kuyafuta. Wageni walikula chakula cha jioni chini ya maneno PAMBA CHAFU bila kujua. Hewa ilinuka mbegu za pamba, harufu ya mafuta na vumbi, na mvua ikinyesha harufu ile ilipanda kutoka sakafuni kana kwamba gunia limefunguliwa. Chumba changu kilikuwa kile cha karani wa mizani. Mizani yenyewe ilikuwa bado inaning'inia kwenye boriti na niliitumia kutundikia nguo. Kati yangu na ofisi ya Bwana Mathayo palikuwa na ukuta wa matete uliokandikwa udongo upande mmoja tu, upande wake, kwa hiyo niliyasikia yote. Nilimsikia akijifunza Kiingereza peke yake kwa sauti ndogo. Nilimsikia akimwambia mkewe kwamba mambo yakienda vizuri atajenga vyumba kumi vya mawe, na yasipokwenda, hatarudi kupima pamba ya watu hata akifungwa kamba. Nilikuwa na daftari, na niliyaandika hayo. Wakati ule nilitaka kuwa mwandishi wa habari, na niliamini kwamba kuandika kila kitu ni sawa na kusema ukweli.

Mawe yale siwezi kuyaeleza kwa mtu ambaye hajayaona. Ni makubwa kama nyumba, yamerundikana kutoka kwenye mashamba hadi ndani ya maji, yameachana na kuegemeana, na kati yake kuna nyufa za kuingia mtu mzima. Pimbi hukaa juu, kenge hukaa katikati, na chini, penye matete, ni mahali pa kiboko. Upepo wa alasiri ukivuma kutoka ghubani, mawimbi hupiga nyufa zile na mwamba wote hutoa sauti ya mtu anayesafisha koo. Aliyetuongoza humo alikuwa Jilala. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mrefu, mwenye miguu ya mtu aliyetembea kuliko alivyokaa. Kwao Lingeka ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe, na alikumbuka kwamba ujanani, kiangazi, aliwahi kunywesha mifugo kwenye mawe yale. Akarudi kutafuta kazi. Alichotaka hakukificha: arudi kwake na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na kutoka kwa huyo zizi lianze upya. Aliniita Karani. Mimi nilimwita kaka Jilala.

Rajabu ndiye aliyekuwa dereva wetu. Baba yake Mzaramo aliletwa na kinu cha pamba, yeye akazaliwa Bariadi, lakini utani wa Wasukuma na Wazaramo aliurithi wote, na aliutumia kuanzia chai ya asubuhi. Jikoni alikuwa Mbuke, mjane wa Mkula, mwanamke mfupi, mpana, ambaye alikuwa akipika samaki sato kwa nyanya kwa ajili ya wageni na michembe kwa ajili yetu, na ambaye alikuwa akituchekea wote. Tulikula nyuma ya ghala, tumekaa juu ya mabomba ya zamani ya dawa ya pamba. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ilipikwa na karanga zilizotwangwa, na Rajabu alikuwa akisema kila siku kwamba kwao chakula hicho hupewa wafungwa, kisha akaongeza sahani.

Kanuni ya kwanza ya Bwana Mathayo, aliyoipata kwa wenzake wa Arusha, ilikuwa kuhesabu. Wageni wahesabiwe wakitoka, wahesabiwe kwenye kituo, wahesabiwe kabla ya gari kuondoka. Kazi hiyo ilikuwa ya mwongozaji. Wiki ya kwanza tu ikaonekana kwamba Jilala hahesabu.

"Wangapi leo?" Bwana Mathayo alimwuliza, gari likiwa limerudi.

"Yupo Shingo Nyekundu," alisema Jilala. "Wapo mume na mke wasiosemeshana. Yupo yule wa kucheka na ndege. Na kijana anayevaa viatu vya mwenzake."

"Nimeuliza wangapi."

"Nimekutajia wote, tajiri."

Rajabu alicheka mpaka akaegemea bodi ya gari. "Wasukuma wanaogopa kuhesabu," alisema. "Wanaona vidole vitaisha, kesho wale ugali na nini?"

"Mzaramo," Jilala alimjibu taratibu, "wewe huna ng'ombe, kwa hiyo hesabu haiwezi kukudhuru."

Baadaye, jikoni, nilimwuliza kwa nini. Alikuwa akichonga fimbo na hakuniangalia. Alisema kwao mtu hamnyooshei ng'ombe kidole akasema huyu wa saba. Ukifanya hivyo umemwonyesha fisi sahani yake. Kisha akasema jambo la pili, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. "Tena namba haina sura, Karani. Ng'ombe wa jirani akiingia zizini kwako, namba inatimia, na wako yuko porini." Ng'ombe unamjua kwa jina lake, na jina unampa baada ya kumtazama anavyokaa na wenzake. Jioni unawaita majina mlangoni, na asiyeitika ndiye asiyekuwepo. Niliandika maneno yote kwenye daftari, nikayapigia mstari, maana niliyaona ni mazuri. Bwana Mathayo hakuyaona mazuri. Alisema kupitia ukuta wa matete, "Basi karani ahesabu." Na toka siku ile nilihesabu mimi. Nilipomaliza nilikuwa nasema, "Imetimia," na Rajabu alikuwa akitia gia. Lilikuwa neno langu. Nilikuwa na miaka ishirini, na gari zima la watu wazima lilikuwa likingoja nilitamke ndipo liondoke.

Siku ninayoisema ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Kundi lilikuwa la watu wanane: mume na mke, daktari mmoja wa meno, vijana watatu wenye kamera moja, mwanamume ambaye sasa simkumbuki kitu ila ndevu, na mama mmoja wa makamo, mwembamba, aliyesafiri peke yake. Huyu mama alikuwa akiokota. Alikuwa akisimama kwenye kila ufa, akachungulia, akachukua kijiwe au unyoya, akakitazama juani, akakirudisha mahali pake. Kundi likifika jiwe la tatu, yeye alikuwa jiwe la kwanza. Jilala hakumhimiza. Alikuwa akirudi nyuma, akasimama hatua kumi kutoka kwake, akangoja. Mchana wa kwanza tu alikuwa amekwisha kumpa jina, Haraka ya Nini. "Kila kundi lina mmoja," alituambia tukila. "Anakula majani ambayo wenzake wameruka. Huyo ndiye hunenepa."

"Na ndiye huliwa na simba," alisema Rajabu.

"Ndiyo maana mchungaji hutembea nyuma, mtani."

Siku ya tatu tuliwapeleka mbali zaidi, kwenye mwamba wenye uwazi ndani tulioupa jina la Ghala, na Mbuke alikuja na kapu la chai. Gari lilibaki juu, mahali njia inapokomea. Upepo uligeuka tukiwa bado tunakunywa. Uliingia kutoka ghubani ukiwa na baridi, ziwa likawa jeusi, na mvua ya kwanza ya mwaka ikaja kwa matone makubwa yaliyoacha alama kwenye mawe kama sarafu. Wageni wakakimbia. Bwana Mathayo alikuwa ameagiza makoti ya mvua manane, ya plastiki ya njano, yenye kofia, bidhaa mpya kutoka Nairobi, na alijivunia makoti hayo kuliko mahema. Yalikaa ndani ya gari. Kila aliyefika juu Rajabu alimpa lake, akalivaa, akapanda nyuma, akainama. Nilikaa mbele, nikageuka, nikafuta kioo kwa kiganja. Niliona migongo ya njano. Nikahesabu, nikarudia, kama nilivyofundishwa. Manane. "Imetimia," nikasema.

Jilala alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyuma, bila koti, maji yakimchuruzika. Alizunguka akaja dirishani kwangu.

"Haraka ya Nini hayupo," alisema.

"Wapo wanane."

"Sisemi wangapi. Nasema hayupo."

"Nimehesabu mara mbili."

"Karani, mfungue kila mmoja uso tumwone."

Nyuma daktari wa meno alikuwa akigonga bodi, akitaka tuondoke. Mume alikuwa akilalamika kwa lugha yake. Nilifikiria kuwaambia wageni wanane wavue kofia kwenye mvua ile kwa sababu mchungaji hakuziona sura zao, na nilifikiria Bwana Mathayo atasema nini. Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie ingawa hawakuelewa, "Jilala, huku si zizini." Sikuweka neno kaka. Aliniangalia kidogo, si kwa hasira. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akimtazama mnyama kabla ya kumpa jina. Kisha akageuka akashuka kwenye mawe akikimbia. "Dada, mtani ameshuka," alisema Rajabu. Nikamwambia twende, wageni wanalowa.

Kambini walishuka mmoja mmoja, wakaingia kwenye ghala, wakavua makoti na kuyatundika kwenye misumari ya magunia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari. Koti la nane lilipovuliwa, ndani yake alitoka Mbuke, amekumbatia kapu la vikombe. "Rajabu ameniambia limebaki moja," alisema, "nikaona nisilowe bure." Alitabasamu, kisha akaniona uso wangu, tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Bado naweza kuichora sakafu ile: madimbwi manane chini ya makoti manane, na maneno PAMBA CHAFU juu yake. Namba ilikuwa imetimia, na wetu alikuwa porini.

Tulirudi na gari, tukawakuta jua likikaribia kuzama, mvua ikiwa imekwisha. Jilala alikuwa akija njiani amembeba mgongoni, amemfunga kwa shuka lake kama mtoto. Mama yule alikuwa ameteleza kwenye ufa chini ya Ghala na kifundo cha mguu kilivunjika. Jilala alipomkuta, mawimbi yalikuwa yamemfika mama huyo magotini. Kumtoa hakukuchukua muda. Kilichochukua muda ni kiboko aliyepanda kutoka kwenye matete akasimama njiani, na wao wawili wakakaa juu ya jiwe wakingoja aamue. Mama yule alikuwa mweupe kwa maumivu lakini hakulia. Tulipomlaza ndani ya gari aliniuliza kwa Kiingereza, "Alikuwa akiniita jina moja tangu mbali. Nilisikia sauti nikaitikia. Maana yake nini?" Nilimtafsiria. Alicheka, akashika mguu, akacheka tena. Asubuhi yake alipelekwa hospitali na sikumwona tena. Hakujua nani alihesabu.

Bwana Mathayo alikuja chumbani kwangu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya. Alisimama chini ya mizani. Kampuni ya Arusha inataka karatasi, alisema. Wanataka kujua nani alikosea na amechukuliwa hatua gani, la sivyo hawaleti mtu tena. "Nina watu wawili," alisema. "Mmoja anajua kusoma na kuandika, nami nimeshamwandikia barua ya kwenda chuo cha habari. Mwingine hakuhesabu."

"Hakuhesabu kwa sababu mlisema nihesabu mimi," nilisema.

"Kanuni imeandikwa mwongozaji ndiye ahesabu. Ile nyingine nilisema kwa mdomo." Akatazama ukuta wa matete. "Andika yaliyo kweli, Kabula. Sijakuambia uandike uongo."

Niliandika. Mwongozaji wa eneo hakuhesabu wageni kabla ya gari kuondoka, kinyume cha kanuni ya kambi. Kweli. Gari lilipokuwa tayari kuondoka, mwongozaji aliliacha bila ruhusa. Kweli. Mgeni mmoja alikutwa baadaye akiwa ameumia. Kweli. Na nyingine nne za namna hiyo. Jilala aliitwa, akasimama mbele ya meza. Nilimsogezea kidau cha wino, kile kilichobaki tangu siku wakulima walipokuwa wakiweka kidole kwenye risiti za pamba. Aliiangalia karatasi kwa muda, nami nikaona anaangalia tu, kama mtu anayetazama kitambaa. Akaniuliza, "Umeandika kwamba nilisema hayupo?"

"Yote yameandikwa, kaka," nilisema.

Akaweka kidole.

Aliondoka kesho yake asubuhi akimswaga mtamba mwekundu aliyekuwa amempata kwa watu wa Mkula kwa kazi ya miezi yake tisa, na ambaye alikuwa akilishwa kwa jirani wa Mbuke. Alikuwa hajampa jina. Rajabu alikuwa akimtania kila wiki kwamba ng'ombe wake amekuwa kama mtoto ambaye baba hajulikani, naye alikuwa akijibu bado anamtazama. Alipita mlangoni kwangu akasimama. "Mwangaluka, Karani," alisema, ile salamu ya asubuhi ya kwetu. Nikajibu, naye akaniuliza habari za nyumbani, za wazazi, za afya, moja baada ya nyingine hadi mwisho bila kuruka hata moja, kama heshima inavyotaka, nami nikasema mhola, mhola, mhola, kwamba kila kitu ni salama. Kisha akamgonga mtamba mgongoni wakaenda. Barua ya chuo nilipewa. Ilikaa ndani ya daftari hadi muda wake ukapita. Kambi ilifungwa baada ya misimu michache, Bwana Mathayo akahamia kwenye kununua pamba kama watu wengine walioruhusiwa, na mimi nikaomba kazi ya masjala, mahali ambapo mtu hutunza yaliyoandikwa na wengine.

Alhamisi tulikwenda na Rajabu, tukapita Maswa tukashika njia ya Meatu. Alizungumza mambo mengine mpaka tulipopita Sola. Katika miaka yote hiyo tulikuwa hatujawahi kuzungumza juu ya makoti. "Mimi ndiye niliyempa Mbuke koti," alisema ghafla, akitazama mbele. "Najua," nilisema. "Kila Idi nataka kukuambia." Nikamwambia koti halikuhesabu. Akaguna.

Tulipofika, binti aliyekuwa akipakua chakula aliuliza, "Mmekuja nani na nani?" Katika nyumba ile hawaulizi mko wangapi. Mjane wa Jilala, Mama Nkwabi, alikuwa amekaa kwenye ngozi pembeni ya ukuta, miguu imenyooka, wanawake wamemzunguka. Nilisalimia hadi mwisho wa salamu. Nilingoja wanawake wapungue. Kisha nikamwambia jina langu na kwamba niliwahi kufanya kazi na mume wake kwenye mawe.

"Karani," alisema.

"Ndiye mimi. Mama, siku ile ya mama wa kizungu, aliyehesabu ni mimi."

"Alikuambia kwamba hayupo?"

"Aliniambia."

"Na ile karatasi?"

"Niliandika mimi. Hayo sikuyaandika."

Aliuvuta ukingo wa kanga akaulaza juu ya goti, akaunyoosha kwa kiganja. "Unajua Baba Nkwabi alikuwa akisoma," alisema. "Alisoma kwenye masomo ya watu wazima, jioni, chini ya taa ya kijiji. Si sana. Lakini barua za watu wa hapa alizisoma yeye." Alinitazama. "Kidole aliweka kwa sababu ulimsogezea wino."

Miaka yote nilidhani nimemdanganya mtu asiyeweza kuniona. Kumbe alisoma sentensi saba nikiwa nimekaa mbele yake, akamaliza, kisha akaniuliza swali moja ili anipe nafasi ya kuandika ya nane.

"Alisema nini juu yangu?" niliuliza mwishoni.

"Hakusema. Ungemwuliza yeye, njia ilikuwapo." Hakusema kwa ukali. "Alirudi na ng'ombe, akampa jina, basi."

Ng'ombe walikuwa wanarudi. Vumbi lilionekana kwanza, kisha kengele. Nkwabi, mtoto wao mkubwa, mwanamume mwenye mvi na miguu ya baba yake, alitoka kwenye kundi la wafiwa akaenda kusimama kwenye mlango wa zizi. Akaanza kuwaita. Aliita taratibu, jina baada ya jina, na kwa kila jina kichwa kilipita chini ya mkono wake. Rajabu alikuja akichechemea akasimama kando yangu. Wengi waliingia kwa pamoja wakisukumana, na mlango ukabaki mtupu, lakini Nkwabi hakuufunga. Aliegemea nguzo, akageukia vichaka, akaita kwa sauti ya kuvuta:

"Imetimia. Imetimiaaa."

Hakuna aliyecheka, maana kwao ni jina tu. Baada ya muda alitokea ng'ombe mwekundu, peke yake, kutoka kwenye majani ambayo wenzake waliyaruka, akija kwa mwendo wake, akisimama, akila, akija.

"Huyo ni kizazi cha yule wa ziwani," Mama Nkwabi alisema nyuma yangu. "Jina wanarithishana. Wote wana tabia hiyo hiyo, hurudi wa mwisho. Mzee hakukubali zizi lifungwe kabla hajaingia, hata mvua inyeshe."

Ng'ombe aliingia. Nkwabi akalaza miti mlangoni. Rajabu, ambaye huzuni humfanya atanie, aliniinamia akauliza kwa sauti ndogo, "Wangapi hao, Karani?"

Nilikuwa nimefika kumi na tisa. Nilikunja kidole ndani ya kanga, nikamwambia sijui.